Kusomesha watoto nyumbani: panga wiki kuanzia siku ya maktaba

Mwezi wa kwanza nilinunua ubao, boksi moja la chaki, na kengele ya shaba. Saa mbili kamili asubuhi naipiga. Kufikia wiki ya tatu mkubwa alikuwa anajifungia chooni kila nikiigusa, wa pili analia kwenye hesabu za kutoa, na kitinda mimba keshaonja chaki za rangi zote. Baba yao akasimama mlangoni, akatutazama, akauliza, "Sasa hii ni shule ama ni nyumba?" Sikuwa na jibu. Kengele siku hizi iko langoni, ya wageni kubishia hodi.

Tunakaa Tudor, Mombasa. Watoto ni watatu: wa miaka 11, wa 8 na wa 4, na huu ni mwaka wetu wa nne. Ninayoyaandika hapa ndiyo yaliyobaki baada ya mengine yote kutushinda. Ratiba yetu haianzi na hesabu wala Kiingereza. Inaanza na Alhamisi, siku ya maktaba, halafu siku nyingine zinapangwa kuizunguka.

Kabla hujamtoa mtoto shuleni

Maliza hili kwanza, maana ndilo litakalokunyima usingizi baadaye. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na ahakikishe anahudhuria. Anayekaidi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa muda usiozidi mwaka mmoja. Sheria hiyo haikuitambulisha nyumba kuwa aina ya shule. Chifu akija kuuliza mbona watoto wako barazani saa nne asubuhi, neno lako tupu halitakufaa.

Njia zinazotumika sana ni mbili. Moja ni kumwandikisha mtoto katika shule iliyosajiliwa inayokubali asomee nyumbani na kuja kwa tathmini. Ya pili ni kufuata mtaala wa kigeni, kama ule wa Cambridge, kisha ukalipia mitihani mtoto akaifanya kama mtahiniwa binafsi katika kituo kilichoidhinishwa. Hiyo ya pili ina gharama, na sikushauri uianze kama hujui ada ya mwaka wa mwisho utaitoa wapi.

Ukibaki kwenye mtaala wa Kenya, hesabu hii uielewe mapema. Alama za kumpeleka mwanafunzi Gredi ya 10 zina mafungu matatu: asilimia 20 hutoka kwenye KPSEA, mtihani wa taifa wa Gredi ya 6, asilimia 20 kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 kwenye KJSEA, mtihani wa taifa wa Gredi ya 9. Lile fungu la katikati huingizwa na shule. Mtoto asiye na shule hana wa kumwingizia, hata awe hodari kiasi gani. Kwa sababu hiyo mkubwa wetu ameandikishwa kwenye shule ndogo ya binafsi, na kila tathmini anaenda akiwa na sare yake, viatu vimepigwa rangi.

Kisha ingia tovuti ya KICD, taasisi inayoandaa mitaala ya Kenya, upakue miundo ya mtaala ya gredi za watoto wako. Haina malipo. Usichapishe yote, utamaliza wino bure. Chapisha kurasa za mada za muhula mmoja, uzibandike ndani ya mlango wa kabati. Mada ikiisha, mtoto mwenyewe anaipiga mstari.

Siku ya maktaba

Maktaba yetu ni ile ya taifa iliyo barabara ya Msanifu Kombo. Kabla ya kwenda mara ya kwanza, piga simu ama pita mwenyewe bila watoto. Ulizia saa za kufungua, ada ya uanachama na idadi ya vitabu ambavyo mtoto anaruhusiwa kuazima. Mambo hayo hubadilika, hasa tangu Katiba ya 2010 ilipoziweka maktaba kwenye kazi za kaunti. Nenda na kitambulisho chako, fomu ya mtoto hujazwa na mzazi au mlezi. Kila mtoto awe na kadi yake. Usimwazimie kwa kadi yako ukidhani unarahisisha mambo. Kitabu kilichoandikwa kwa jina lake anakitunza tofauti kabisa.

Alhamisi tunatoka saa tatu unusu, msongamano wa asubuhi ukishapungua. Mkoba ni mmoja, wa turubai, na hubebwa na wa pili kwa sababu alishinda kura mwaka juzi na hajakubali kuirudia. Ndani mna vitabu vya kurudisha, daftari moja, penseli mbili, na chupa ya maji ambayo haitoki mkobani tukiwa ndani.

Hapa ndipo wazazi wengi huharibu. Wanamwachia mtoto chumba kizima, wanamwambia "chagua," kisha wanashangaa amerudi na vitabu vinne vya vikaragosi ama ameketi chini analalamika. Mpe kazi kabla hujafika. Sisi usiku wa Jumatano kila mtoto huandika swali moja kwenye daftari. Swali lenyewe ndilo la kutafutiwa rafu.

Ili swali lifike rafuni, fundisha nambari. Vitabu vya maarifa kwenye maktaba nyingi za umma hupangwa kwa mfumo aliouchapisha Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876: maarifa yote yamegawanywa mafungu kumi, kutoka 000 hadi 900, na kila fungu likagawanywa tena na tena. Mtoto hahitaji kuyajua yote. Wangu walianza na saba: 398 hadithi za kale, 523 nyota na sayari, 551 ardhi na bahari, 597 samaki, 598 ndege, 796 michezo, na 967 ambako Kenya inapatikana. Niliziandika kwenye kipande cha katoni, wakakitoboa tundu wakakifunga mkobani kwa uzi.

Nikupe mfano. Jumatano moja wa pili aliandika: "Kwa nini pweza ana wino?" Alhamisi akaenda moja kwa moja 597, akashika kitabu cha samaki, akafungua faharasa nyuma, akapitisha kidole kwenye herufi. Pweza hayumo. Akaja kwangu amenuna. Nikamwuliza, "Pweza ana mifupa?" Akafikiri. "Hana." "Basi yuko na samaki?" Akarudi rafuni, akaanza kurudi nyuma nambari kwa nambari, 596, 595, na kwenye 594 akakuta kombe, konokono na pweza wake. Alilipata jibu la wino, lakini lililomkaa kichwani ni kwamba rafu zenyewe zimepangwa kwa maana. Jioni ile alizipanga sahani za jikoni kwa nambari. Tulizitafuta siku mbili.

Uchaguzi tunaufanya hivi: kila mtoto achukue kimoja cha swali lake, kimoja cha hadithi anachokitaka bila mimi kutia neno, na mimi nichukue kimoja cha kuwasomea wote. Cha hadithi kipimwe kwa vidole. Mtoto afungue ukurasa wowote wa katikati, asome, na kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho ni cha kusomewa, hawezi kukisoma peke yake kwa sasa. Akikishupalia mwachie, ila ongeza cha pili kilicho rahisi.

Mkutubi asalimiwe kwanza, maswali baadaye. Watoto wamefundishwa kuamkia, kutaja wanachokitafuta kwa sentensi nzima, na kushukuru. Nimeona tofauti kubwa kati ya anayeingia na "wapi vitabu vya simba?" na anayesimama akasema "Shikamoo, natafuta kitabu kinachoeleza wanyama wawindaji." Huyu wa pili mara nyingi hupelekwa mkono kwa mkono hadi rafuni.

Na vitabu vikiharibika? Vitaharibika. Kimoja tulichoazima kilimwagiwa uji wa wimbi, kurasa 14. Tulikikausha kivulini tukitia karatasi za jikoni kati ya kurasa, tukakipeleka wenyewe na kueleza, badala ya kukipenyeza kwenye rundo la vinavyorudishwa. Mtoto ndiye aliyezungumza, mimi nikalipa, na fedha ile ilikatwa kwenye zawadi yake ya Idi. Tangu hapo chakula na kitabu cha maktaba havikai meza moja.

Kama maktaba iko mbali nawe, mfumo haubadiliki, badilisha chanzo. Tovuti ya African Storybook ina vitabu vya picha vya bure kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na unaweza kuvipakua ukavisoma bila intaneti. Chagua siku moja ya wiki ya kupakua, vitabu viwe na tarehe ya "kurudishwa," yaani kufutwa. Bila tarehe hakuna anayesoma.

Kusoma kwa sauti, kila siku

Huu ndio uti wa mgongo wa siku yetu, na ukilazimika kuacha kila kitu kingine kwa sababu ya msiba, ugonjwa au harusi ya jirani, usiuache huu. Dakika 20 hadi 30, baada ya chakula cha mchana, watu wote wakiwa wameshiba na jua la nje halifai kwa mpira.

Nasoma mimi. Kitabu ni kimoja kwa watoto wote, cha kiwango cha mkubwa ama juu yake kidogo, maana sikio la mtoto linaelewa mapema kuliko jicho. Kitinda mimba hulala chini anapaka rangi, na usidhani hasikii. Mikono ya wengine iwe na kazi: kusuka ukindu, kuchambua mbaazi, kukunja nguo. Anayetaka kukaa tu akae, lakini mikono mitupu humchokoza ndugu.

Nikifika mwisho wa sura nafunga kitabu, na mmoja anasimulia upya kwa maneno yake. Mdogo huanza, mkubwa huongezea yaliyosahauliwa. Usiulize maswali ya mtihani hapa ("mhusika mkuu alikuwa nani?"). Msimulizi akikwama, uliza tu, "Halafu?" Utagundua upesi nani alikuwa akisikiliza na nani alikuwa amefika Lamu kwa mawazo. Miezi sita ya kwanza mkubwa wetu alisimulia kwa sentensi tatu. Sasa lazima nimkatize ili tuwahi swala.

Neno geni linaandikwa kwenye daftari la maneno, moja kwa siku, si zaidi. Upande mmoja neno, upande wa pili sentensi ya mtoto. Maana ya kamusi huandikwa mwisho, baada ya kukisia. Ijumaa tunayacheza: mtu anataja sentensi akiruka neno, wengine walitafute.

Mara moja kwa wiki kitabu hukaa kando, tunasoma shairi. Hapa pwani huna udhuru, nyanya wa mtaa mzima wanazo beti vichwani. Wafundishe kuhesabu mizani kwa vidole: mstari wa shairi la kawaida una mizani 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili), kila silabi kidole. Wa pili alikuwa mzito wa kutenga silabi kwenye kusoma. Nilihangaika na vitabu vya mazoezi miezi mingi. Mizani ilimfungua kwa wiki chache, kwa sababu mstari ukipungua silabi sikio lenyewe linakataa.

Masomo ya mezani

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu na yenyewe ni mafupi. Shuleni kipindi ni dakika 30 kwa Gredi ya 1 hadi 3, 35 kwa Gredi ya 4 hadi 6, na 40 kwa sekondari ya chini. Muda huo umepangiwa darasa zima: kuita majina, kugawa vitabu, kumnyamazisha wa nyuma. Nyumbani, mtoto mmoja na mtu mzima mmoja, hesabu ya Gredi ya 3 inakwisha kwa dakika 20 na mmeshaisahihisha.

Tunaanza saa mbili unusu, baada ya chai na mahamri. Mkubwa anafanya hesabu peke yake huku mimi nikikaa na wa pili kwenye kusoma. Kisha wanabadilishana. Kitinda mimba ana sinia la mchanga wa kuandikia herufi kwa kidole, na kazi ya "kuangalia saa." Halafu Kiingereza, halafu Kiswahili, na mapumziko marefu katikati. Saa tano meza inafutwa. Saa kumi wanakwenda chuo cha Kurani, na huko wanakutana na wenzao wote wa mtaa, kwa hiyo lile swali la "watacheza na nani?" huwa nalijibu kwa kuonyesha magoti yao.

Somo likigoma, funga daftari. Dakika tano za kuchota maji ama kuzunguka nyumba mbio, kisha rudini. Ukilazimisha ukiwa na hasira utamfundisha jambo moja tu, kuogopa hesabu, na hilo atalijua vizuri sana.

Sayansi nje ya nyumba

Jumanne ni ya kutoka. Usiibuni safari kutoka hewani, ichukue kwenye maswali ya maktaba. Baada ya kitabu cha 551, swali la mkubwa lilikuwa kwa nini maji ya bahari hupanda na kushuka kwa saa tofauti kila siku. Kwa mtoto wa Mombasa, maabara iko chini ya mteremko.

Tulifanya hivi. Tulitafuta ukuta wa mawe ulio kando ya maji, tukauwekea alama za chaki kila sentimita 20. Siku ya kwanza tukaandika saa ambayo maji yalifika juu kabisa. Kesho yake, vivyo hivyo. Watoto walitegemea saa iwe ile ile, wakakuta imesogea karibu dakika 50. Siku ya tatu ikasogea tena. Hapo ndipo nilipowatolea kalenda yenye mwezi na kuwaacha walinganishe. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana: bamvua. Mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua: maji mafu. Babu yao, mvuvi wa zamani, aliketi na mkubwa barazani akamweleza yote haya bila kitabu. Mtoto akarudi kwenye daftari lake kuthibitisha, kama mkaguzi wa hesabu.

Jambo la kukusaidia kupanga: siku za bamvua hapa kwetu maji huwa yamepwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Huo ndio wakati wa kwenda kutazama vidimbwi vya mwambani na mikoko, lakini pata saa kamili kwenye jedwali la maji la siku hiyo na uondoke mapema, maji yakigeuka hayangoji somo liishe. Viatu vya kufunga, kwa ajili ya fuma wenye miiba na matumbawe. Kitu hai hakibebwi nyumbani. Huchorwa pale pale.

Historia ni rahisi zaidi. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikazingirwa na Waomani kutoka 1696 hadi 1698, na mwaka 2011 ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Usiwaeleze hayo mlangoni. Wasome Alhamisi, waende Jumanne inayofuata wakiwa na maswali, na waulize wenyewe. Wangu walitaka kujua watu waliozingirwa karibu miaka mitatu walikunywa maji gani. Tulitumia asubuhi nzima tukitafuta birika na kisima, na kuta zenyewe hawakuzitazama.

Kumbukumbu na dharura

Weka faili moja kwa kila mtoto. Kila Ijumaa, kabla ya swala, inaingia karatasi moja ya hesabu, moja ya kuandika, na orodha ya vitabu vilivyosomwa wiki hiyo, zenye tarehe. Picha za simu ni nyongeza, simu huibwa. Faili hiyo ndiyo utakayomwonyesha chifu, mwalimu wa shule mliyoandikishwa, na mama mkwe.

Ramadhani ratiba yote inageuka. Meza inaanza saa tatu na kuisha saa nne unusu, kusoma kwa sauti kunahamia baada ya alasiri, wakati njaa inauma na kila mtu anataka kusahaulishwa. Nasoma mpaka adhana. Ni mwezi ambao tunamaliza vitabu vingi kuliko mwezi wowote.

Stima ikipotea mchana, nendeni barazani. Mzazi akiugua, kila mtoto anamsomea mdogo wake na masomo ya mezani yanasubiri. Mkiwa wazazi wawili mnaofanya kazi, gawaneni: baba yao ana hesabu za mkubwa usiku mara mbili kwa wiki, na Jumamosi ni yake kabisa. Maktaba ikifungwa kwa sikukuu, rudisheni vitabu Jumatano.

Usiku wa Jumatano mkoba uwekwe mlangoni. Hesabu vitabu kwa sauti, watoto wakijibu, kama manamba anavyohesabu abiria. Kinachokosekana kiko chini ya kitanda cha mkubwa, upande wa ukutani.